Sola kwa kijiji kinachofikiwa kwa boti: mwongozo kutoka mwambao wa Kigoma

Hapa Kigoma hatuna visiwa vikubwa vyenye watu kama Ukerewe na Ukara kule Ziwa Victoria. Lakini mtu wa Kalya, wa Sibwesa chini ya milima ya Mahale, au wa Mwamgongo na Kagunga kule kaskazini kupita Gombe, anajua maisha ya kisiwani bila kuishi kisiwani. Mlima uko nyuma, ziwa liko mbele, na barabara hata ikiwepo masika inaifunga. Kiberiti, saruji, dawa, mwalimu mpya, vyote huja kwa boti.

Mwongozo huu ni kwa kamati ya kijiji cha namna hiyo, kwa fundi aliyeitwa kwenda kufunga, na kwa mwana wa kijiji aliyeko mjini anayetaka kupeleka umeme nyumbani. Nasisitiza jambo moja tangu mwanzo, kwa sababu kila hatua inaegemea hapo: sola ya kijiji cha mbali haifi kwa kukosa jua. Inakufa kwa sababu fyuzi imekatika au betri imechoka, fundi yuko Kigoma mjini, na hakuna aliyeweka akiba hata ya nauli yake. Kwa hiyo kila mnachochagua, jiulizeni kwanza: kikiharibika, nani atakitengeneza, kwa fedha ipi?

Hatua ya 1: Mkutano kwanza, duka baadaye

Itisheni mkutano mkuu wa kijiji, si kikao cha watu watano nyumbani kwa mwenyekiti. Mambo matatu yaamuliwe hapo na yaingie kwenye muhtasari: umeme ni wa kazi gani, mali ni ya nani, na nani anashika ufunguo na fedha.

Swali la mali ndilo linalorukwa mara nyingi. Vifaa vikiletwa kwa ajili ya zahanati ya serikali, halmashauri ijulishwe kwa barua na iviingize kwenye orodha ya mali zake, ili matengenezo yawe na mahali pa kudaiwa kwenye bajeti. Wakinunua wavuvi kupitia BMU (kikundi chao cha kusimamia ufukwe na uvuvi) au kikundi cha VICOBA, mali ni ya kikundi na katiba yao iseme hivyo. Jambo hili likiachwa linaelea, siku inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa Tanesco) inapoungua kila mmoja humwangalia mwenzake.

Kama kijiji kina chombo cha watumia maji kinachosimamia mabomba na kukusanya fedha za ndoo, anzieni hapo kabla ya kuunda kamati mpya. Watu wale tayari wamezoea kitabu cha risiti, na wanakijiji wamezoea kuwalipa.

Kuhusu sheria: mfumo wa jengo moja ni jambo jepesi, ila fundi wa kutandika nyaya awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na mwombeni aionyeshe. Mkitaka kusambaza umeme nyumba hadi nyumba na kuuza uniti, hiyo ni gridi ndogo, na hata ikiwa chini ya megawati 1 mtahitaji kujisajili EWURA. Inawezekana. Ukara ilipata gridi ndogo ya sola mwaka 2016. Ila mimi siwashauri kuanzia huko. Nguzo, mita na madeni ya wateja ni kazi ya kampuni, na watu watalinganisha bei yenu na ya Tanesco, ambako bei ya mtumiaji mdogo ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Hakuna betri ya kijiji inayoweza kutoa uniti kwa bei hiyo bila ruzuku. Anzeni na majengo machache yenye kazi kubwa: zahanati, shule, pampu ya maji, na kituo cha chaji ufukweni. Kabla ya kuchangisha, ulizeni pia kwa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) kama kijiji chenu kimo kwenye mpango wowote, msije mkanunua kile ambacho kingekuja.

Hatua ya 2: Orodhesha mzigo, kifaa kwa kifaa

Hapa ndipo mfumo unapopona au unapougua. Usikubali mtu aseme "tunataka kilowati tatu". Kaa na anayetumia jengo, uliza kifaa gani, wati ngapi, saa ngapi kwa siku. Idadi mara wati mara saa ndiyo wati-saa, na wati-saa 1,000 ni uniti moja.

Zahanatini usiulize swali la jumla. Uliza hivi: "Nesi, mama akiletwa saa nane usiku kujifungua, unawasha nini?" Kama jibu ni tochi ya simu ameishika kwa meno ili mikono ibaki huru, basi umeshajua taa ya kwanza inafungwa wapi. Mfano wa zahanati ndogo:

Taa 8 za LED za wati 7, saa 6: wati-saa 336.
Taa ya chumba cha kujifungulia wati 10, usiku kucha saa 12: 120.
Taa ya nje ya ulinzi wati 10, saa 12: 120.
Simu nne: 40.
Kompyuta mpakato wati 45, saa 5: 225.
Hadubini wati 20, saa 4: 80.
Mashine ya kunyonya uchafu wa kooni mwa mgonjwa wati 100, nusu saa: 50.

Jumla 971. Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea hesabu, kwa sababu inveta yenyewe nayo inakula. Inveta ya kawaida ikiachwa imewashwa bila kazi yoyote huweza kula wati 15. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 360, zaidi ya taa zote nane. Jumla ya kweli ni 1,331. Kama taa zitafungwa za DC, yaani zinazotumia umeme wa betri bila kupitia inveta, inveta inaweza kuzimwa usiku na mkaokoa sehemu kubwa ya hiyo.

Sasa mtu akisema tuongeze mashine ya kuzalisha oksijeni ya wati 350, saa 6 kwa siku, hizo ni 2,100 peke yake. Mzigo umepanda zaidi ya mara mbili kwa kifaa kimoja. Sisemi msiiweke, maana oksijeni ni uhai. Nasema iwekwe kwenye hesabu leo, isije ikachomekwa mwakani kwenye mfumo uliopimwa kwa ajili ya taa.

Friji la chanjo liacheni nje ya hesabu hii kabisa. Chanjo hutaka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na yapo mafriji ya sola yasiyotumia betri: paneli inagandisha barafu iliyomo ukutani mwa friji, na barafu hiyo inashika ubaridi usiku na siku za mawingu. Yaliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani hutakiwa kuhimili siku zisizopungua tatu bila jua. Friji hilo liwe na paneli zake, waya wake, na mtu yeyote asichomeke hata simu hapo.

Hatua ya 3: Kazi nzito ifanyike jua likiwaka

Betri ndiyo sehemu ghali na ndiyo inayokufa mapema. Kila uniti mnayoitumia mchana moja kwa moja kutoka kwenye paneli ni uniti ambayo betri haikuibeba. Pampu ya maji isukume mchana kujaza tangi lililo mlimani, na usiku maji yashuke yenyewe. Cherehani, mashine ya kunyolea, kuchaji betri za wavuvi, vyote vipangiwe kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri.

Barafu ya samaki ni habari hiyo hiyo, lakini kwa ukubwa mwingine, na naizungumzia kwa kuwa kila mkutano wa mwambaoni lazima mtu aiulize. Mgebuka unaoshuka alfajiri na kukosa barafu unauzwa kwa bei ya huruma kabla ya saa nne. Ila kugandisha kilo 100 za maji kunakula takriban uniti 10. Kwa jua letu la masika hizo ni paneli za kama wati 3,600 kwa barafu tu, mara saba au nane ya mahitaji ya zahanati ile (hesabu iko Hatua ya 4). Kwa hiyo mashine ya barafu iwe mradi wake wenyewe, wenye wanunuzi na hesabu yake. Ikiwepo, igandishe mchana, na usiku ufunike tu. Ubaridi ule ni akiba isiyohitaji betri.

Taa za kuvulia dagaa ndizo zenye faida ya haraka kuliko zote. Wenye karabai wanajua mafuta ya taa yanakula kiasi gani cha mauzo ya usiku mmoja, na kioo na utambi juu yake. Kituo cha chaji ufukweni, chenye betri za lithiamu zinazochukuliwa jioni na kurudishwa asubuhi, hujilipa chenyewe. Nguvu ya taa inayoruhusiwa muulizeni afisa uvuvi kabla ya kununua.

Hatua ya 4: Pima betri na paneli

Rudi kwenye zahanati yetu ya wati-saa 1,331. Masika, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, kuna siku mbili mfululizo ambazo mawingu hayaondoki mlimani. Kwa hiyo betri ibebe siku mbili: 2,662.

Betri ya lithiamu unaweza kuitumia hadi asilimia 80 bila kuiumiza. Gawa kwa 0.8, unapata 3,328. Betri ya volti 25.6 yenye ampea-saa 150 ina wati-saa 3,840 (25.6 mara 150). Inatosha na inabaki kidogo. Betri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, usiishushe chini ya nusu. Gawa kwa 0.5, unapata 5,324, yaani betri nne za volti 12 za ampea-saa 120, mbili mbili kwa mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine).

Paneli: jua la Kigoma kwa mwaka mzima ni zuri, lakini pima kwa mwezi mbaya, si kwa Julai. Chukua saa 4 za jua kamili, toa upotevu wa asilimia 30 wa vumbi, joto, waya na chaji, zinabaki 2.8. 1,331 gawanya kwa 2.8 ni wati 475. Hiyo inajaza matumizi ya siku tu. Baada ya siku mbili za mawingu unataka paneli za kujaza kilichopungua pia, kwa hiyo weka mbili za wati 400. Paneli siku hizi ni rahisi kuliko betri, na ongezeko la paneli ndilo linalorefusha maisha ya betri. Ukiwa na fedha ya kuongeza kitu kimoja, ongeza paneli.

Kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri: wati 800 gawanya kwa volti 24 (betri ya 25.6 huhesabiwa kuwa ya 24) ni ampea 33, kwa hiyo chukua ya MPPT, aina inayochuma umeme mwingi zaidi kwenye paneli, ya ampea 40. Halafu soma nyuma ya paneli volti za juu kabisa zikiwa hazijaunganishwa na kitu. Kama ni 49 kila moja, mbili kwa mfululizo ni 98. Kontrola yenye mwisho wa volti 100 itakuwa ukingoni, na asubuhi ya baridi volti hupanda. Nunua yenye mwisho wa 150.

Hatua ya 5: Betri ipi?

Najua betri za risasi ni za bei nafuu dukani na kila fundi anazijua. Kwa nyumba iliyoko mjini, mitaa ya Mwanga au Ujiji, ambako mtu anaweza kubeba betri kwa bajaji kwenda kupimwa, sina ugomvi nazo. Kwa kijiji cha boti nashauri lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma ambayo mafundi huiandika LiFePO4, na sababu yangu ya kwanza si teknolojia bali ni mabega ya watu. Betri nne za risasi za mfano wetu zina jumla ya kama kilo 140. Ile moja ya lithiamu ni kama kilo 35 hadi 40. Mtu anayejua kushusha mzigo kutoka kwenye boti lisilo na gati, maji yakiwa kiunoni na wimbi linasukuma, ataelewa bila maelezo zaidi.

Sababu ya pili ni matunzo. Betri ya maji inataka maji ya betri, na yakiisha mtu atachota ya ziwani. Ya ziwani yana madini, yanaziua sahani za ndani ya betri. Lithiamu haina cha kuongezwa. Sababu ya tatu ni kwamba lithiamu ina ulinzi wake wa ndani: ikishuka sana inajifunga yenyewe kabla haijafa. Ya risasi inakubali kunyonywa hadi mwisho, kimya kimya, na ikifanyiwa hivyo miezi michache haitarudi.

Ukifungua sanduku la betri la mradi uliokwisha kufa, mara nyingi utakuta picha ile ile: unga wa kijani na mweupe umeota kwenye vichwa vya betri, na waya mwembamba wa redio umefungwa moja kwa moja juu ya kichwa cha betri, umeiruka kontrola. Waya ule ndio ulioua. Kontrola ilipokata umeme ili kuilinda betri, mtu akaona kontrola ni mbovu, akaizunguka. Kwa hiyo sanduku lifungwe kwa kufuli, na kila mtumiaji aelezwe kwamba umeme ukikatika wenyewe usiku, mfumo haujaharibika. Unajilinda, na kesho jua litaujaza.

Mkilazimika kutumia risasi, jifunzeni namba tatu, zikisomwa kwa mita betri ikiwa imepumzika saa chache bila kuchajiwa wala kutumika: 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu, 11.8 iko hoi. Msiende chini ya 12.2 kwa mazoea.

Hatua ya 6: Dukani, nenda na mzani na futi

Paneli za uongo zipo, na zinajulikana bila mashine. Mita mraba moja ya paneli nzuri hutoa kama wati 200, ikizidi ni kidogo. Pima urefu kwa upana. Kipande cha mita 1 kwa sentimita 70 kikiwa na karatasi ya wati 300 nyuma, karatasi ndiyo inayosema uongo. Paneli ya kweli ya wati 400 ina kama mita 1.7 kwa 1.1 na uzito wa zaidi ya kilo 20.

Betri ya lithiamu ipime uzito. Ya volti 12.8 na ampea-saa 100 huwa kati ya kilo 10 na 13. Ikiwa na kilo 5, ndani hakuna walichoandika nje. Omba risiti halali, dhamana ya maandishi yenye namba ya betri, na uulize swali hili mbele ya muuzaji: dhamana inatimizwa hapa Kigoma au mpaka Dar es Salaam? Nauli ya kurudisha inalipwa na nani? Duka la Kigoma mjini likiwa ghali kidogo lakini fundi wake anapokea simu, mimi ningenunua hapo kuliko Kariakoo.

Mara moja nunueni pia sanduku la akiba: fyuzi za kila saizi mliyotumia, jozi chache za viunganishi vya paneli, kontrola ya pili ndogo, taa, koleo, bisibisi na mita ya kupimia. Kontrola ya pili watu huiona ni anasa. Ile ya kwanza ikipigwa na radi Januari, hiyo ndogo ndiyo itakayowasha chumba cha kujifungulia mpaka mpya ifike.

Hatua ya 7: Kusafirisha kwa boti

Wanaokwenda kaskazini hupakia mwalo wa Kibirizi, kando ya Kigoma mjini. Popote mnapopakia, ongea na nahodha siku moja kabla, si dakika ya kupakia, na ulipe nafasi ya mzigo pamoja na masharti: usikaliwe, usiwekewe magunia juu.

Paneli zisafiri zimesimama kwa ubavu, uso kwa uso, kadibodi katikati, zimefungwa kamba kwenye mbao za boti. Zikilazwa, abiria watakaa juu yake, na kioo kinachopasuka kidogo usichokiona leo kitaingiza maji na kuua paneli baadaye. Pembe nne zifungeni vipande vya mpira wa tairi. Betri iingie kwenye mfuko wa nailoni mzito, vichwa vyake vifunikwe kwa mkanda ili chuma kisivigusanishe, kisha ndani ya ndoo au pipa lenye kifuniko. Betri za maji zisafiri zimesimama wima, mbali na chakula na watoto. Inveta na kontrola zibebwe mkononi na mtu wa kamati.

Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huamka na ziwa huchafuka. Mzigo huu hauna haraka. Nahodha akisema leo ziwa si zuri, mshukuru na mlale.

Hatua ya 8: Kufunga

Tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, si kwa ajili ya jua tu bali ili mvua izioshe. Zikilala bapa, vumbi na kinyesi cha ndege hubaki. Kabla ya kutoboa bati, simama hapo saa mbili asubuhi na saa kumi jioni uone kivuli cha mwembe au mgazi kinafika wapi. Kivuli cha tawi moja juu ya kona ya paneli kinashusha nguvu ya paneli zima. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya bati na paneli hewa ipite.

Waya usipimwe kwa macho. Tuseme kutoka paneli hadi kontrola ni mita 20, na waya ni wa milimita mraba 6. Paneli zetu mbili zikiwa kwa mfululizo, zinatoa kama volti 80 na ampea 10, na mnapoteza kama asilimia 1.5 njiani. Zikifungwa sambamba, volti 40 na ampea 20, mnapoteza karibu asilimia 6 kwenye waya ule ule. Kati ya betri na inveta ndipo ampea ni nyingi: kwa inveta ya wati 1,500 weka waya wa milimita mraba 25, usizidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 100 karibu kabisa na betri. Waya huo bila fyuzi ni moto unaosubiri.

Radi za kwetu si za mchezo. Fremu za paneli na fito zake ziunganishwe na waya wa shaba hadi kwenye fimbo ya ethi (chuma cha kupeleka umeme wa radi ardhini) iliyozama kwenye udongo wenye unyevu, na kifaa cha kukinga mshtuko wa radi kiwekwe kwenye waya wa paneli kabla ya kontrola. Kwenye mawe, chimbeni zaidi au tafuteni mahali pengine pa kuzamisha. Vijiji vinavyopakana na hifadhi, nyaya zipite ndani ya bomba, kwa sababu nyani akipanda bati huvuta chochote kinachoning'inia.

Chumba cha betri kiwe na kivuli na matundu ya hewa. Joto huzeesha betri ya aina yoyote.

Hatua ya 9: Fedha ya betri ya pili ianze siku ya kwanza

Tuseme betri imenunuliwa shilingi 3,000,000 na mnategemea idumu miaka 8. Hizo ni 375,000 kwa mwaka, 31,250 kwa mwezi. Fedha hiyo iingie kwenye akaunti au namba ya pesa ya simu ya kikundi yenye watia saini wasiopungua wawili, na isiguswe hata kwa msiba. Juu yake ongezeni posho ya msimamizi na nauli ya fundi mara mbili kwa mwaka. Ndipo mpange bei ya kuchaji simu na betri za taa. Wengi huanza kwa kuuliza watu wataweza kulipa ngapi, na hawafiki kwenye betri ya pili.

Kusanyeni kwa mwendo wa ziwa, si wa kalenda ya ofisi. Mwambaoni fedha ipo wakati wa giza, dagaa wanapofuata taa. Mbalamwezi ikikomaa boti zinapumzika na mifuko nayo inapumzika. Mkidai tarehe 30 bila kutazama mwezi, mtaandika madeni tu. Kumbukeni pia mwaka 2024, uvuvi Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kituo cha chaji kinachotegemea wavuvi peke yao kiwe na akiba ya miezi mitatu, au kiwe na wateja wengine: kinyozi, mwenye duka la soda baridi, anayeonyesha mpira.

Hatua ya 10: Watu wawili na daftari

Fundisheni wawili, na mmoja wao awe mama mwenye familia kijijini. Nina sababu. Kijana mwenye ujuzi mpya, mara nyingi na kwa haki yake kabisa, huenda mjini kuutafutia ujira. Wote wawili wawepo fundi anapofunga, washike koleo, wafungue fyuzi na kuirudisha mbele yake.

Kila asubuhi waandike volti za betri kabla ya jua kupanda, na kila jioni kabla taa hazijawashwa. Dakika mbili. Betri ikianza kuchoka, daftari litaonyesha wiki nyingi kabla ya watu kuona giza: namba ya asubuhi inashuka taratibu ilhali matumizi ni yale yale. Fundi akipigiwa simu na kusomewa namba hizo, mara nyingi atajua kama safari inahitajika au ni kukaza skrubu tu. Kiangazi paneli zifutwe kwa maji na kitambaa laini kila wiki mbili, asubuhi kioo kikiwa cha baridi. Kila baada ya miezi mitatu zimeni kila kitu, mkaze viunganisho vyote.

Hatua ya 11: Betri iliyokufa irudi mjini

Betri ya risasi isipasuliwe kijijini kutengeneza vyuma vya kuzamishia nyavu, na tindikali yake isimwagwe ufukweni. Maji yale ndiyo mnayokunywa, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Iwekwe wima kwenye ndoo yenye kifuniko, irudi kwa boti hadi kwa wanunuzi wa betri mbovu mjini, kwa kuwa ina bei. Ya lithiamu irudishwe kwa aliyeuza. Mara nyingi betri nzima ya aina hiyo hufa kwa seli moja au mbili, yaani vipande vidogo vinavyoiunda, na fundi mzuri anaweza kuzitenga zilizo hai zikatumika kwenye taa ndogo. Kwenye daftari andikeni namba ya betri iliyoondoka, boti lililoichukua, na fedha iliyopatikana, kisha fedha hiyo iingie kwenye akaunti ile ile ya betri mpya.